Takriban 91.1876 ndo ngapi?

Swali la leo limetoka Wete, kwa mwalimu anaesomesha fizikia skuli ya sekondari. Kaniandikia hivi: "Assalaam alaikum maalim. Nawatayarishia wanafunzi wangu maelezo ya Kiswahili kuhusu namna chembe zinavopimwa kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya. Nimeandika 'bosoni ya Z ina tungamo la takriban GeV 91.1876'. Mwalimu mwenzangu ananambia takriban na karibu ni mamoja, niweke lolote. Kweli? Na hii asimetria wanayoipima niiteje?"

Waalaikum salaam mwanangu. Kwa asili mwenzio kasema kweli, karibu na takriban zote zimetoka Kiarabu kwenye mzizi mmoja, na akraba nae yumo humo humo. Hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni hio 91.1876 iliokaa nyuma ya takriban (bosoni ya Z ni chembe ya msingi, na GeV ndo kizio wanachopimia tungamo la chembe kama hizo), na kwa vile umeligusa hili ntalisema lote maana linanikera miaka na miaka.

Siku hizi ukifungua simu kusoma habari hukosi sentensi kama hii: "Takriban wanafunzi 317 wamefaulu." Hebu tuitazame polepole. Mia tatu na kumi na saba. Maana yake mtu kakaa na orodha, kahesabu jina moja moja, kafika wa mwisho ambae ana jina lake na namba yake ya mtihani, halafu anakuja mwandishi anaibandika takriban mbele. Ya nini? Yupo mwanafunzi aliefaulu nusu? Kama hukuhesabu, hio 17 umeitoa wapi? Na kama umehesabu, takriban inafanya kazi gani hapo? Sema "takriban wanafunzi 300" ntakusikia, 300 inajionesha yenyewe kuwa ni makisio. Sema "wanafunzi 317" pia ntakusikia. Lakini takriban 317 ni mtu anataka sifa ya aliehesabu na usalama wa asiehesabu, vyote viwili kwa pamoja, na lugha haimpi. Mchumaji karafuu akimaliza kazi yake akaambiwa "una takriban pishi saba na vibaba viwili" ataondoka hapo? Haondoki! Atasema pima tena mbele yangu.

Na lipo kubwa kuliko hilo, "takriban zaidi ya watu 500". Takriban inasema tupo jirani na 500, huenda huku huenda kule, zaidi ya inasema 500 tumeshaivuka, sasa msomaji ashike lipi? Wanaoandika hivi wamesoma na wamefundishwa, na bado linapita asubuhi na jioni hakuna anaelikamata.

Mtu akizungumza barazani simshiki. "Njoo kama saa nne hivi" ni Kiswahili kizuri kabisa, kama na hivi zinafanya kazi yake na kila mtu anajua afike saa ngapi. Hata takriban ya mdomoni naiachia ipite, nimeshachoka kuikimbiza. Lakini wewe unaandika cha kusomeshwa watoto, tena kwenye fani ambayo kazi yake yote ni kupima, basi kwako sisamehi.

Maana hio 91.1876 haikuokotwa njiani. Imepimwa kwenye mashine iliokuwa ikiitwa LEP, chini ya ardhi jirani na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, njia ya duara ya kilomita 27 ambayo elektroni zinazungushwa upande huu na positroni, yaani pacha za elektroni zenye chaji chanya, upande ule halafu zinagonganishwa. Ilifanya kazi kutoka 1989 mpaka 2000, na majaribio yake manne, ALEPH, DELPHI, L3 na OPAL, yalikusanya takriban bosoni za Z milioni 17. Sasa itazame takriban hii, imekaa pahala pake, maana milioni 17 ni namba ya jumla jumla na hakuna anaedai kuwa haikuzidi hata moja.

Wale watu ili wajue tungamo la Z walikuwa lazma waijue kwanza nishati ya chembe zinazogongana, na nishati hio ilikuwa haitulii, inapanda na kushuka. Walipofuatilia wakakuta ni mwezi. Mwezi huu huu unaotuletea sisi bamvua na maji mafu unavuta na mwamba wa kule, njia nzima inatanuka na kurudi, kiasi cha milimita 1 tu katika kilomita 27, na milimita hio ikawa inaonekana kwenye vipimo! Baadae wakakuta umeme unaovuja kwenye reli, treni za Ufaransa zikipita, nao unatia mkono wake kwenye sumaku za mashine. Yote hayo wakayahesabu, wakayaondoa, mpaka shaka iliobaki wakaipima na yenyewe, wakaandika 91.1876 ± 0.0021. Umeiona ile alama ya kujumlisha na kutoa? Inasema tumehesabu, na tumehesabu mpaka kiasi cha kutojua kwetu. Takriban inasema sikuhesabu sana. Sasa mtu kahangaika mpaka na mwezi halafu wewe unafuta 0.0021 yake unaweka takriban badala yake, hio sio haki wallahi.

Na usidhani ni suala la adabu tu. Ipo chembe nyengine, W. Mwaka 2022 watu wa CDF, jaribio lililokuwa Fermilab karibu na Chicago, walitangaza tungamo la W ni GeV 80.4335 ± 0.0094. Nadharia ilikuwa inasema 80.357 ± 0.006. Ulimwengu wa fizikia ukatikisika, kwa sababu tofauti ya namba mbili hizo ni kama mara saba ya shaka yao, na hilo haliji kwa bahati nasibu. Sasa ziandike kwa takriban yako. Takriban 80.4 na takriban 80.4. Habari imekufa! Hakuna uongo uliosema lakini kila kilichokuwa na maana kimeondoka. Na mwaka 2024 watu wa CMS, kwenye mashine mpya ya CERN ndani ya njia ile ile ya kilomita 27, wakaja na 80.3602 ± 0.0099, wanakubaliana na nadharia na hawakubaliani na CDF. Huo mzozo wote unaishi ndani ya tarakimu ambazo takriban inazifagia.

Sasa asimetria. Neno lenyewe halinipi taabu, ulinganifu tunao kwenye hisabati ya Kiswahili tokea zamani, basi kinyume chake sema kutolingana, na ukitaja namba sema kiwango cha kutolingana. Ukitaka kubakisha asimetria bakisha, sikukatazi, watoto watakutana nalo kwenye mtihani. Kinachonishughulisha ni takriban itakayoingia hapo, maana hapo ndo inapoharibu zaidi kuliko pote.

Waoneshe ubaoni hivi. Chembe 1,000 zimetoka kwenye mgongano, 510 zimekwenda mbele na 490 nyuma. Toa, unapata 20, gawa kwa 1,000, kutolingana ni 2%. Mtoto atasema basi zinapenda kwenda mbele. Mwambie ngoja. Kwa chembe 1,000 bahati peke yake inaweza kukuyumbisha kiasi cha 3% na ushee, kwa hivo ulichopima ni 2% ± 3%, yaani hujaona kitu bado. Zikiwa chembe milioni 1 na ukapata 2% ile ile, shaka inashuka mpaka 0.1%, hapo umeona kitu na unaweza kusimama nacho mbele ya watu. Mbili kwa mia ya kwanza na mbili kwa mia ya pili kwa takriban ni mamoja, na kwa kweli moja si chochote na nyengine ni ugunduzi.

Na hivo ndivo ilivokuwa mwezi wa Machi 2025, watu wa LHCb, jaribio jengine la hapo hapo CERN, walipotangaza kuwa chembe iitwayo Lambda-b, ambayo ni jamaa ya protoni ila nzito zaidi, haivunjiki sawasawa na pacha wake wa upande wa antimata, yaani mata ya chaji zilizogeuzwa. Kutolingana ni 2.45%, shaka zote pamoja kama 0.47. Kipimo kinaishinda shaka mara tano na kitu, ndo maana wakathubutu kusema, na ilikuwa mara ya kwanza kuonekana kwenye chembe za ukoo wa protoni, ukoo ambao sisi sote tumeumbwa nao. Ungewaandikia watoto "takriban 2.45%" wangejuaje kuwa si sifuri?

Basi futa ulichoandika, weka hivi: "Bosoni ya Z ina tungamo la GeV 91.1876, kwa shaka ya 0.0021 juu au chini." Na vitabu vinavoiita hio 0.0021 "makosa" usivifate, hakuna aliekosea hapo. Ukitaka kusema kwa mkato katikati ya maelezo andika "takriban GeV 91", na hio ntaisoma bila ya neno. Mwenzio mwambie takriban na karibu ni mamoja kweli, na ndo maana zote mbili hazikai mbele ya 91.1876.