Mwalimu, hiyo bobkati kwao ni bandani

SWALI: Kijana wangu fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina ekari 14 huku Hombolo, Dodoma. Nusu nalima mtama na zabibu kidogo, nusu bado pori, visiki vya migunga, mawe, na korongo moja linalomega shamba kila mvua. Shemeji yangu yuko Dar anauza bobkati iliyotumika, kile kipakiaji kidogo chenye bakuli la kuzolea mbele, ananiambia hiyo itasafisha pori lote na inapita popote. Mke wangu, ambaye ni dada yake huyo huyo, anasema tununue trekta dogo. Hela ya vyote viwili sina. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Mama yuko sahihi, ila usimwambie shemeji kwamba nimesema mimi.

Hiyo mashine jina lake hasa ni skidi stia, bobkati tumeizoea tu kwa sababu ya kampuni ya Bobcat. Na ukijua ilikotoka utanielewa haraka. Mwaka 1957 ndugu wawili mafundi, Louis na Cyril Keller, huko Minnesota, Marekani, walimtengenezea mfugaji wa batamzinga kimashine cha kuzoa mavi bandani, kidogo, chepesi, cha kugeukia palepale katikati ya nguzo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa sakafu ya banda mwalimu, siyo pori la migunga.

Haina usukani wa kukunja tairi. Tairi za kushoto zinaenda pamoja, za kulia pamoja, ukitaka kona upande mmoja unasukuma na mwingine unasimama au unarudi nyuma, kwa hiyo mashine inajiburuza mpaka igeuke. Kwenye zege inacheza kama dansa. Sasa niliwahi kuiona moja kwenye kiwanda cha tofali hapa mjini, asubuhi nzima imepakia mchanga safi kabisa, mchana bosi akaituma kiwanja cha jirani ikasawazishe, kichanga chekundu kile chetu, basi kugeuka mara ya tatu kila tairi imeshajichimbia mfereji wake, mara ya nne tumbo limekaa chini. Tumbo lenyewe liko juu ya ardhi kama shubiri moja tu. Dereva akakandamiza bakuli chini mpaka pua ikanyanyuka, vijana wakawa wanasokomeza mawe chini ya tairi, na yeye hawezi hata kushuka kusaidia maana mlango uko mbele na mbele ndo kuna bakuli. Saa nzima hiyo, kwenye kiwanja kikavu! Sasa fikiria mwezi wa kwanza, udongo umelowa.

Kilima nacho kina masharti. Ikiwa tupu uzito uko nyuma, bakuli likijaa uzito unahamia mbele, na upande mzito ndo unatakiwa uelekee juu siku zote. Yaani tupu unapanda kinyumenyume, imejaa unapanda kwa pua. Dereva wa kukodi asiyejua hilo, pembeni ya korongo lako, mi nisingesimama karibu. Kuna za minyororo ya mpira badala ya tairi, ambazo hazizami sana, lakini mawe na visiki vinautafuna ule mpira na bei ya kuubadilisha itakuumiza kichwa.

Trekta la hospawa 45 hadi 50, mfano Massey Ferguson 240, tairi za nyuma ni kubwa na eksili ya mbele imeshikwa na pini katikati, inabembea, kwa hiyo ukipanda jiwe upande mmoja tairi zingine bado zinakanyaga chini. Ukipata la kuvuta tairi zote nne ongeza hela uchukue. Na pori unasafisha mara moja mwalimu, halafu je? Utataka kulima na jembe la diski, kupasua ardhi ngumu na ripa, lile jino refu la chuma, kubeba maji na samadi kwa tela, kuendesha pampu au mashine ya kupukuchua kwa ile shafti ya nyuma, PTO, mizunguko 540 kwa dakika. Bobkati hiyo shafti kwa kawaida haina. Pima tu kwanza njia za katikati ya zabibu zako kama trekta litapita.

Visiki kodisha kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kwa saa, mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, siyo mwezi wa tisa. Waingereza walileta mitambo mpaka madoza Kongwa mwaka 1947 kwa mradi wa karanga, pori na udongo mgumu vikaila ile mitambo, 1951 mradi ukafungwa. Visiki vidogo vidogo utavuta na trekta, lakini hapa nisikilize vizuri: mnyororo funga chini, kwenye drobaa, kile chuma cha kukokotea kilicho chini nyuma ya trekta. Ukifunga juu kwenye topu linki, ule mkono wa juu wa kushikia jembe, na kisiki kikagoma, trekta linanyanyuka mbele na kukupindukia wewe mwenyewe, sekunde mbili tu, hata klachi hujaikanyaga. Nunua lenye fremu ya chuma nyuma ya kiti na mkanda, ufunge mkanda. Wajukuu wasikae kwenye madigadi hata wakilia.

Korongo liache, usilisogelee na mashine yoyote. Weka vizuizi vya mawe, panda majani, pembeni juu chora matuta ya kontua, yanayokingama na mteremko.

Sasa kuhusu shemeji, mwambie mashine yake ni nzuri, na ni kweli. Mwenye yadi ya kokoto, kiwanda cha tofali au banda la ng'ombe lenye sakafu ataifurahia kuliko trekta lolote, na Dodoma hii jinsi inavyojengwa wateja wa hivyo hawakosi. Mwambie aje aiuze huku mjini, wewe chukua asilimia yako ya udalali ununulie diski.