Shemeji Ameomba Zabuni, Nifanyeje?

Maswali ya leo yametoka kwa watumishi wa umma wa hapa Tanga. Kabla ya kustaafu niliandika mihtasari ya vikao vya ofisi kwa miaka mingi, kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona mezani.

Shikamoo mama. Nimo kwenye kamati ya tathmini ya zabuni ya kukarabati madarasa. Nimefungua orodha ya waombaji nikakuta kampuni ya shemeji yangu. Bei yake nzuri na kazi anaijua. Nikinyamaza nitakuwa nimekosea? (Makorora)

Marahaba mwanangu. Utakuwa umekosea, hata kama shemeji yako ndiye fundi bora kuliko wote. Mgongano wa maslahi umeshaanza tangu uliposoma jina lake ukiwa na kalamu mkononi, kabla hujampa wala kumnyima hata alama moja. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inamtaka anayeshughulikia zabuni aseme maslahi yake na ajiweke pembeni. Zabuni siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali wa mtandaoni, lakini mfumo haujui nani kaoa kwa nani. Unajua wewe. Andika barua leo, ripoti ikiwa bado haijasainiwa: taja zabuni, taja udugu, omba kutolewa kwenye kamati. Baki na nakala iliyogongwa muhuri masjala.

Nakumbuka kikao kimoja, ofisi sitaitaja. Ilipofika ajenda ya tatu mjumbe mmoja akanyoosha mkono, akasema mwombaji ni mtoto wa mama yake mkubwa, akatoka. Tulimwona dirishani amekaa chini ya mwarobaini, chai yake ikipoa mezani. Niliandika saa aliyotoka na saa aliyorudi. Baadaye aliyekosa zabuni alilalamika, wakaguzi wakaja, wakausoma mstari ule, wakafunua ukurasa mwingine. Katika kikao kingine mjumbe alinyamaza. Udugu ulikuja kujulikana mtaani, maana Ngamiani harusi haifichiki. Zabuni ikafutwa, ikatangazwa upya, na watoto wakaendelea kukaa chini mpaka muhula uliofuata. Hilo linaniuma hadi leo.

Nashughulikia leseni za uvuvi. Mvuvi mmoja kaniletea changu wawili nyumbani, leseni yake ikiwa imeshatoka. Hiyo si shukrani tu? (Chumbageni)

Warudishe. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haikomei kwenye kinachotolewa kabla ya kazi. Inagusa pia tuzo ya kazi iliyokwisha kufanyika. Najua kwetu pwani kumrudishia mtu kitoweo ni mtihani. Mwambie kwa upole: "Ahsante baba, kwa kazi hii nalipwa mshahara." Mwezi ujao atakuja mwenzake ambaye bahari haikumpa kitu, naye asidhani leseni ina njia yake ya uani. Kama wameshaliwa, mwarifu mkuu wako kwa maandishi.

Mimi ni mfamasia wa kituo cha afya. Mke wangu ana duka la dawa mkabala na geti letu, vibali vyote anavyo. Kuna tatizo? (Pongwe)

Duka lenyewe si kosa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Tatizo ni kwamba anayeagiza dawa za kituo ni wewe. Dawa zikiisha dirishani kwako, mama mwenye mtoto wa homa anavuka barabara kwenda kununua kwa mkeo. Unaweza kuwa mwadilifu kabisa, lakini mama yule atajuaje? Mweleze mganga mfawidhi kwa barua, na uombe mtu mwingine ahakiki stoo na maombi ya dawa pamoja nawe. Usimwelekeze mgonjwa dukani kwenu, hata akikuuliza. Kwa maoni yangu mimi, sasa nikiiacha sheria kando, hamisheni duka.

Gari la ofisi lenye namba za SM likibeba viti vya harusi Jumamosi, mafuta nikinunua mwenyewe? (Mwanzange)

Hapana. Tairi ni za umma. Kodi kirikuu.

Mkuu wangu anapitisha malipo kwa kampuni inayosemekana ni yake. Naogopa kupoteza kazi. (Tanga mjini)

Woga wako una sababu, na ndiyo maana ipo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Andika ulichokiona kwa macho: tarehe, namba ya malipo, nani alisaini. Hilo la "inasemekana" liandike kando, kama ulilolisikia. Usibebe mafaili kwenda nyumbani, wala usilipeleke jambo hili kijiweni au kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Kama cheo chake kinamwingiza kwenye Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, anatakiwa kutoa tamko la mali na madeni kila mwaka, kwa hiyo Sekretarieti ya Maadili nayo inaweza kupokea malalamiko yako. Piga simu ukiwa mbali na ofisi, daftari lako likiwa mbele yako.