Kabati la vitabu vya bure bustanini: ogopa maji kuliko wezi

Dada, unauliza kama vitabu vya bure ukiviweka kwenye kabati pale bustani ya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, vitaibiwa. Kuchukuliwa ndiyo kazi yake. Cha kuogopa ni maji. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hazina huruma: paa la bati litokeze pande zote, mlango uwe na mpira wa kuzuia maji, na utoboe matundu chini hewa ipite, la sivyo kurasa zitaota ukungu. Nguzo iwe ya chuma, maana mchwa. Kibali anzia serikali ya mtaa, watakuelekeza halmashauri ya jiji. Kisha tafuta mtu wa hapohapo, muuza kahawa kwa mfano, alitupie jicho kila jioni. Vya watoto huisha kwanza. Vya kiada vya mtaala wa zamani vikatae, hata mtoaji akinuna.