Tochi Ndogo, Mwanga Mkali: Maswali Yenu na Majibu Yetu

SWALI: Habari za kazi wahariri. Natafuta tochi ndogo ya mfukoni, maana huku umeme unakatika sana na usiku natembea njia ya vichochoroni. Nimeona moja ya shilingi elfu kumi na tano, boksi limeandikwa lumeni 100,000 na betri ya mAh 9,900. Nyingine ni ghali mara tano, nayo inasema lumeni 1,200 tu. Mbona ya bei ndogo ndiyo yenye mwanga mwingi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga, na hiyo laki moja ni ya wino, si ya mwanga. Piga hesabu mwenyewe. LED nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja inayokula. Lumeni 100,000 zingetaka wati kama 700 hadi 1,000, umeme wa kuendeshea pasi. Kitu cha ukubwa wa kidole gumba kingekubabua kiganja kabla hujafika mlangoni, tena hakuna betri ya ukubwa huo inayoweza kutoa umeme wa namna hiyo.

Betri nayo inajiumbua kwa mAh, yaani kipimo cha umeme inaoweza kubeba. Ile ya mviringo iliyozoeleka huitwa 18650 kwa sababu ina kipenyo cha mm 18 na urefu wa mm 65. Katika ukubwa huo, zilizo bora kwa kawaida zinaishia mAh 3,500 au 3,600, na chache hukaribia 4,000. Kaka yake 21700, yenye mm 21 kwa 70, kwa kawaida hubeba 5,000, na chache hukaribia 6,000. Ukikuta 18650 ya 9,900, mrudishie mwenye duka. Kama ulishanunua, iweke kwenye mizani ndogo ya jikoni: halisi huwa na gramu 45 hadi 50. Ikisoma 28, umeuziwa ganda. Lakini uzito peke yake hautoshi, kwa sababu wapo wanaojazia poda ndani. Tazama pia muda wa kuchaji: kwa chaji ya ampea 1, betri tupu ya 3,500 hutaka saa nne hivi. Ikijaa kwa dakika 40, haibebi hata mAh 700.

Sasa hiyo ya 1,200. Geuza boksi utafute maandishi ANSI FL1. Ni utaratibu wa vipimo unaofuatwa na watengenezaji makini. Lumeni hazipimwi sekunde ile tochi inapowaka, bali baada ya sekunde 30. Muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza. Na umbali ni pale mwanga unapobaki sawa na wa mbalamwezi, yaani luksi 0.25. Kwa hiyo ukisoma “mita 200” usitegemee kumtambua mtu akiwa mita 200. Nusu ya umbali huo ndiyo ya kutegemea, nayo ukiwa na macho mazuri.

Kwa vichochoro vyako hata hizo 1,200 utazitumia mara chache. Ndani ya nyumba lumeni 5 hadi 30 zinatosha. Njiani ni 50 hadi 150, na taa ya simu ya kawaida iko kwenye 50 hivi. Uwanjani au shambani, 300 hadi 500. Elfu moja na kuendelea ni za dakika moja mbili, pale mbwa wanapobweka na unataka kuona kilichoko nyuma ya banda. Tafuta tochi yenye ngazi nne au tano za mwanga, inayokumbuka ngazi uliyoiachia, na ambayo hailazimishi upite kwenye mwanga wa kumetameta kila unapobonyeza. Wala usiongeze hela kwa ajili ya kutoka lumeni 1,000 kwenda 1,300. Jicho halitaona tofauti, kwa kuwa ili mwanga uonekane umezidi maradufu, lumeni sharti ziongezeke karibu mara nne.

Wurkkos FC11 na Sofirn SC31 Pro ni mifano ya tochi za daraja unalolitaka: zote zinatumia 18650 inayotoka na zina tundu la kuchajia la Type-C. Hilo la betri kutoka tunalishikilia sana. Betri ya lithiamu huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na ikiwa imezibiwa ndani, tochi nzima inaenda jalalani.

SWALI: Nimenunua tochi ya lumeni 2,000, ya chapa inayojulikana. Inawaka vizuri sana, ila baada ya dakika mbili mwanga unapungua wenyewe. Nimeuziwa kimeo? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Inaelekea siyo kimeo. Lumeni 2,000 zinakula wati 15 hadi 20, na zaidi ya nusu yake inageuka joto. Joto hilo linabebwa na bomba la aluminiamu la gramu 80 au 100 tu. Ndani kuna kipima joto, na mwili wa tochi ukifika nyuzi 50 na kitu, umeme unapunguzwa ili LED na betri zisiungue. Tochi ya ukubwa huo huweza kushikilia lumeni 400 hadi 600 kwa muda mrefu. Zinazozidi hapo ni za kukopa. Ukiwa unatembea kwenye upepo na umeishika kiganjani, inachelewa kushuka, kwa sababu damu yako inabeba sehemu ya joto.

Hakikisha hivi. Izime, iache dakika kumi ipoe, uiwashe tena. Nguvu ikirudi yote, ni joto. Isiporudi, toa betri uipime kwa testa: iliyojaa husoma volti 4.2, na ikifika 3.4 imebakiwa na kidogo sana. Iliyoshuka chini ya 2.5 usiichaji tena, itupe mahali pa taka za betri. Na kama betri imejaa lakini mwanga bado ni hafifu au unacheza ukiitikisa, fungua kitako. Nyuzi za kufungia na ncha ya springi hushika uchafu mweusi, na kwa tochi nyingi umeme hupita papo hapo. Kitambaa kilicholowa spiriti kidogo kinamaliza kazi.

SWALI: Shikamooni wahariri. Mama yangu yuko kijijini, umeme haujafika. Nimpelekee tochi ya kuchaji au ya mawe? – Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba. Mpelekee ya mawe, ile inayotumia betri ndogo za AA, jiwe moja au mawili, kwa kuwa atayapata dukani kijijini. Lumeni 100 hadi 200 zinamtosha. Mwambie yaliyokwisha asiyaache ndani, kwani huvuja, na ule unga mweupe hula springi mpaka tochi haifunguki. Kama kuna jirani mwenye sola, mnunulie na mawe manne ya kuchaji ya aina ya NiMH ya mAh 2,000 hivi.

Hatari iko hapa. Ipo betri ya lithiamu iitwayo 14500. Kwa umbo ni AA kabisa, lakini ina volti 3.7 badala ya 1.5. Ukiiingiza kwenye tochi iliyotengenezwa kwa AA peke yake, unaweza kuiunguza saa hiyo hiyo. Wajukuu wakileta betri ya mjini, waisome kwanza.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zahanati. Umeme ukikatika usiku tunatumia tochi, ila chini ya mwanga wake kila kidonda kinaonekana kijivu na mishipa siioni vizuri. – Msomaji, Kigoma

JIBU: Mwanga wenu ni wa buluu mno. Tochi nyingi za bei nafuu ziko kwenye kelvini 6,500 (kelvini hupima rangi ya mwanga: zikizidi, mwanga unaelekea buluu) na zina CRI ya 70. CRI ni kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kama zinavyoonekana juani, ambako ni 100. Tafuta yenye CRI ya 90 au zaidi na kelvini 4,000 hadi 5,000. Ukisoma maelezo zaidi utakuta R9, hiyo ni rangi nyekundu peke yake, na kwenu ndiyo yenye maana: isiwe chini ya 50. Tochi ya namna hiyo hupoteza lumeni kiasi ukiilinganisha na ndugu yake wa buluu. Haidhuru.

Usipime mboni za mgonjwa kwa tochi ya lumeni 1,000. Tumia ngazi ya chini kabisa, lumeni 5 au pungufu, au ile kalamu ya tochi ya hospitali. Ukimudu, chukua yenye sumaku kwenye kitako, uibandike kwenye fremu ya kitanda ubaki na mikono yote miwili.

SWALI: Salaam aleikum. Navua ngisi usiku kwa ngalawa. Tochi ninazonunua zimeandikwa haziingizi maji, lakini hazimalizi miezi mitatu. – Mvuvi, Mafia

JIBU: Waaleikum salaam. Tazama herufi za IPX, zinazoonyesha tochi inavumilia maji kiasi gani. IPX4 inavumilia kurushiwa maji tu. IPX7 inazama mita 1 kwa dakika 30. IPX8 inazidi hapo, kwa kina anachokitaja mtengenezaji. Vipimo hivyo lakini hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, kwenye tochi mpya. Kwa kazi yako, achana na tochi ya kichwa cha kuvuta mbele na nyuma. Kila unapovuta inanyonya hewa pamoja na rasharasha. Yenye tundu la kuchajia iepuke vilevile, kwa sababu kifuniko chake cha mpira ndicho kinacholegea mwanzo. Nunua isiyo na tundu, uwe na chaja ya pembeni nyumbani.

Ukirudi pwani, isuuze kwa maji ya bomba ikiwa bado imefungwa, ikaushe, ndipo ufungue. Watu wengi hufungua kwanza, na tone moja la chumvi likiingia kwenye nyuzi, aluminiamu inaanza kulika. Oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji kwenye nyuzi, ipakwe grisi ya silikoni kidogo, iwe ya kung'aa tu isirundikane, kila baada ya wiki nne hivi. Mafuta ya mgando hapana, yapo ya mpira yanayovimba nayo. Na ifunge kamba mkononi: aluminiamu haielei.

SWALI: Tochi yangu ni ya Type-C lakini haichaji na waya wa simu yangu mpya wenye Type-C pande zote mbili. Ya rafiki yangu inachaji. – Msomaji, Nairobi

JIBU: Chaja ya Type-C haitoi umeme mpaka ihisi kuna kifaa upande wa pili, na inahisi kwa njia ya rezista mbili ndogo za oumu 5,100 zinazowekwa ndani ya tochi. Watengenezaji wengine huziacha ili kubana gharama. Tumia waya wenye ile USB ya zamani, bapa na pana, upande wa chaja. Itachaji bila shida, wala si lazima uipeleke kwa fundi.

SWALI: Nasafiri kwenda Muscat. Tochi na betri za akiba niweke wapi? – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Kwenye begi la mkononi. Betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Mpaka wa kawaida ni Wh (wati-saa) 100 kwa betri moja, na 18650 ya mAh 3,500 ina Wh 12.6 tu, kwa hiyo upo salama. Kila betri ya akiba iwe kwenye kiboksi chake cha plastiki, au ncha zake zizibwe kwa utepe, zisigusane na funguo. Tochi yenyewe uilegeze kitako robo mzunguko: kwa nyingi hiyo inakata umeme. Jaribu swichi kabla hujafunga zipu. Ikiwaka bado, toa betri kabisa, kwani tochi ya lumeni 1,000 ikijiwasha ndani ya begi inatoboa nguo.