Dada yangu wa Lamu, usilipe kwanza

Juzi dada mmoja wa Lamu kaniandikia, eti kapata watu wa kumuuzia fransaizi ya kuku wa kukaanga, yaani afungue duka lake kwa jina lao na awe awalipa, wanataka ada ya kuingia wiki hii hii la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nikacheka peke yangu halafu ikanikera, maana maneno hayo hayo ndo niliambiwa mie hapa Malindi.

Yangu ilikuwa ya aiskrimu. Jina lajulikana, rangi zavutia, na mji huu na Waitaliano wake nikaona nitakosaje? Mkataba ulikuwa mnene, nikasoma ukurasa wa kwanza na ule wa kutia sahihi. Disemba raha tupu, foleni mpaka nje. Mwezi wa nne mvua ikaingia, hoteli zikafunga, mji ukanyamaza, na wao wadai asilimia yao kama kawaida. Kumbe yakatwa kwenye mauzo, sio kwenye faida! Walala na hasara na bado walipa. Kufika Agosti wakamfungulia mtu mwingine duka Watamu, nikapiga simu natetemeka, kijana akaniuliza kwa upole, "Mama, kwenye mkataba tulikuahidi eneo la peke yako?" Hakuna. Hiyo "Mama" mpaka leo yaniuma.

Ndo nikaenda kwa wakili, maji yashamwagika. Kumbe Kenya hatuna sheria ya fransaizi peke yake, kinachokubana ni mkataba wenyewe, pamoja na sheria ya alama za biashara na ile ya ushindani ya 2010. Marekani muuzaji lazima akupe maelezo yake yote siku 14 kabla hujasaini wala kulipa, na Afrika Kusini ukishasaini una siku 10 za kazi za kughairi. Hapa kwetu ukisaini umesaini.

Kwa hiyo soma mkataba, wote. Uliza KIPI, ile taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, kama jina limesajiliwa na nani mwenyewe, eneo lako liandikwe, na kama mwenye jina yuko nje ujue kodi ya zuio kwenye mrahaba, ile asilimia yao, ni wewe wa kuikata uipeleke KRA, watu wa kodi. Nasema tena, soma. Sisi Wapwani mtu akitusalimia vizuri tushampa funguo za nyumba, tuwache hayo jamani.

Jana usiku yule dada kanitumia picha za mkataba WhatsApp. Nimezipitia mara mbili, neno eneo halimo.