Baiskeli Moja ya Lami, Mashindano na Safari Ndefu: Ushauri kwa Waendeshaji wa Malindi

Kutoka Malindi hadi Kilifi ni kama kilomita 60, na kurudi ni hizo hizo. Njia karibu yote ni tambarare. Mlima wetu ni upepo. Msimu wa kusi utakupiga kifuani ukienda na kukusukuma ukirudi. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka: unafika Kilifi mbio mbio ukijiona hodari, kisha unaulipa upepo wakati miguu imeshachoka. Anayetaka baiskeli moja imfae kwenye mashindano na kwenye safari ya muda wa saa tano, aanze kuupigia hesabu upepo kabla hajatazama rangi wala bei.

Ukishazidi kilomita 25 kwa saa kwenye tambarare, kinachokuzuia hasa ni hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inagonga mwili wako, si baiskeli. Uzito hauna neno kubwa. Kilo moja ya ziada kwenye mlima wa asilimia 5, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, inakula karibu wati 3. Kilo hiyo hiyo kwenye tambarare, kwa kilomita 30 kwa saa, haili hata wati 1. Mtu wa Malindi anayelipa pesa nyingi ili apunguze gramu 500 anazitupa. Kinachomfaa ni mkao wa chini anaoweza kuudumu. Ukiinama sana, mgongo ukakushinda baada ya nusu saa, utainuka na kushika usukani kwa juu, na hapo kifua chako kimeshakuwa tanga. Fremu ya mbio iliyokugharimu vile haikusaidii tena.

Kwa hiyo usianze na jina la baiskeli. Anza na vipimo viwili vya fremu ambavyo wauzaji huviita staki na richi. Staki ni kimo kutoka kitovu cha krenki (mikono ya pedali) hadi mdomo wa juu wa bomba la usukani. Richi ni umbali wa mlalo kati ya sehemu hizo mbili. Gawa staki kwa richi. Fremu za mbio kali hutoa karibu 1.40 hadi 1.45, na za safari ndefu huanzia 1.50 kwenda juu. Kwa baiskeli moja ya kazi zote mbili tunapendekeza 1.45 hadi 1.50. Chini ya hapo utajaza spesa, yaani pete za kuinua usukani, mpaka usukani ulegee. Juu ya hapo hutaweza kushuka vya kutosha siku ya mashindano.

Baiskeli ya mtumba haiji na karatasi ya vipimo, lakini kuipima si kazi. Isimamishe wima ukutani kwenye sakafu iliyonyooka, uihakikishe kwa pima maji. Pima kimo cha mdomo wa bomba la usukani kutoka sakafuni, kisha kimo cha kitovu cha krenki, utoe. Hiyo ndiyo staki. Teremsha timazi ya fundi mwashi kutoka katikati ya mdomo huo, upime mlalo kutoka uzi hadi kitovu cha krenki. Hiyo ndiyo richi. Kosea kwa milimita 5 tu na hesabu itakupotosha, kwa hiyo pima mara mbili.

Fremu ikishapatikana, tofauti ya siku ya mashindano na siku ya safari inatoka kwenye stemu, kipande kinachoushika usukani. Chukua stemu ya milimita 100 yenye mteremko wa digrii 6, uiweke juu ya spesa za milimita 20. Ukitaka kushuka, zitoe spesa chini ya stemu uziweke juu yake: usukani umeshuka milimita 20. Ukitaka kupanda, zirudishe chini, na ukihitaji zaidi igeuze stemu, iangalie juu, upate takriban milimita 20 nyingine. Ni sentimita 4 za mabadiliko bila kununua kitu. Kumbuka tu kwamba kila milimita 10 unazopanda kwa spesa zinaurudisha usukani nyuma karibu milimita 3, na kugeuza stemu kunaurudisha kama 6.

Kazi yenyewe haizidi robo saa, na wengi huiharibu kwa kukosea mpangilio. Legeza kwanza bolti za pembeni za stemu, kisha fungua bolti ya kifuniko cha juu. Badilisha spesa. Kaza kifuniko taratibu mpaka mchezo uishe kwenye beringi, nyoosha usukani na gurudumu, ndipo ukaze bolti za pembeni, mara nyingi kwa nguvu ya Nm 5 (nyutoni-mita). Fuata namba iliyoandikwa kwenye stemu. Ukianza na za pembeni, kifuniko hakivuti chochote na beringi zitabaki zimelegea. Jaribu kwa kushika breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, rudia. Usilikate shina la uma (bomba linaloshikwa na stemu) mpaka umeendesha miezi kadhaa, maana likishakatwa halirefuki. Na kama shina ni la kaboni, uliza kikomo cha spesa chini ya stemu. Kwa fremu nyingi ni milimita 30.

Hii ndiyo sababu hatupendi usukani ulioungana na stemu yake kuwa kipande kimoja kwa mtu mwenye baiskeli moja. Ni mzuri kutazama na unakata upepo, ila haugeuki. Nyaya zinapopita ndani ya beringi za usukani nako kuna gharama yake: kubadilisha beringi kunamaanisha kufumua breki, na hapa pwani beringi za juu zinaliwa na jasho na chumvi haraka.

Kiti usikiguse unapobadilisha mkao. Kimo cha kuanzia ni urefu wa mguu kwa ndani, kutoka msambani hadi sakafuni bila viatu, mara 0.883, mwenye sentimita 84 aweke kiti sentimita 74 kutoka kitovu cha krenki, akifuata mstari wa bomba la kiti. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Likiuma nyuma, kiko juu. Mikono ikifa ganzi, tazama kwanza kama pua ya kiti imeinama, kabla hujaulaumu usukani.

Tairi ndizo zinazoamua starehe kuliko kaboni. Tafuta fremu inayobeba tairi za upana wa milimita 32 bila kubana. Kipimo cha haraka dukani: ufunguo wa aleni wa milimita 4 upite kati ya tairi na fremu, kila upande na chini ya uma. Breki za kawaida za kubana rimu zinaishia kwenye 28, kwa hiyo chukua za diski. Kwa mtu wa kilo 70, tairi za 28 zianzie psi 70 hadi 75 siku ya mashindano, na za 32 psi 55 hadi 60 kwa safari, pale ukingo wa lami umemeguka na mchanga umeingia barabarani. Rimu zisizo na ndoano ya kushikia tairi zisizidi bar 5, yaani psi 72, na tairi iwe imeruhusiwa kwa rimu hizo, la sivyo inaweza kuchomoka ukiwa kwenye mwendo.

Usitegemee kununua tairi njiani. Duka litakuonyesha tairi ya inchi 28, nayo ni ya Black Mamba: kipenyo cha rimu yake ni milimita 635, ya kwako ni 622. Haiingii. Beba tyubu mbili na kijipande cha shaba kinachogeuza valvu nyembamba ikubali pampu ya bodaboda. Beba pia sikio la deraila (kibadilisha gia cha nyuma) la fremu yako hasa, kwa sababu fremu nyingi zina la aina yake na fundi hana.

Gia hazina mjadala mrefu. Krenki ya meno 50/34 na kaseti (gia za nyuma) ya meno 11-30 zinatosha. Meno 50 kwa 11, ukizungusha mara 90 kwa dakika, ni kama kilomita 52 kwa saa. Wachache watahitaji zaidi. Kaseti ya 11-34 ina mapengo makubwa kati ya gia, na ukipambana na kusi utayahisi mapengo hayo kila dakika.

Kwa breki za maji tunachagua zinazotumia mafuta ya madini. Aina nyingine ya mafuta ya breki, DOT, hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo ibadilishwe kila mwaka. Usichanganye aina hizo mbili hata tone, mpira wa ndani utaharibika.

Beringi za krenki ziwe za kufunga kwa skrubu, si za kugongewa. Nipeli za spoki (nati zinazozishika kwenye rimu) ziwe za shaba, maana za alumini zinaoza zikabaki unga. Nguzo ya kiti ya alumini itoe kila miezi miwili, ifute, ipake grisi. Ikiachwa mwaka mzima inashikana na fremu na kuitoa ni msumeno. Ukirudi kutoka Mambrui au Gongoni, mwagia baiskeli maji yasiyo na chumvi na uikaushe cheni kabla ya mafuta. Yaonje maji kwanza: visima vingi huku vina chumvi, na kuiosha kwa maji hayo ni kuizidishia kutu.