Yasmin, Yasmeen au Asumini? Majibu ya maswali yenu kuhusu majina ya maua

Tangu nilipogusia majina ya mabinti kwenye safu hii, simu haijapumzika. Nusu ya ujumbe wenu ni kuhusu Yasmin, na wengi mmeuliza jambo lile lile bila kusoma alilouliza mwenzenu. Nimechambua, nimebakisha haya.

Shangazi, nina mimba ya miezi saba na jina nimeshachagua: Yasmin. Kwenye mtandao nimesoma kuwa maana yake ni "zawadi ya Mungu". Ni kweli? – Mama mtarajiwa, Langoni

Si kweli, mwanangu. Yasmin ni ua. Ni asumini hili hili la nyumbani, halina tafsiri nyingine iliyofichwa. Jina lina asili ya Kiajemi, Waarabu wakalichukua wakasema *yasamin*, na kupitia kwao likafika Ulaya: Waspania wakawa na *jazmín*, Wafaransa *jasmin*. Ua tunalopanda uani kwetu nalo chimbuko lake ni upande wa Bara Hindi. Hiyo "zawadi ya Mungu" imetoka kwenye kurasa zinazopanga majina maelfu kwa maelfu, kila moja ikinakili kosa la mwenzake. Ukitaka zawadi ya Mungu, mwite Hibatullah, au Atiya, na hakuna atakayekubishia.

Nashangaa kwa nini ua peke yake halitoshi. Mmesahau lilivyo? Asumini huchumwa baada ya alasiri likiwa bado tumba, limefumba. Sindano hupitishwa kwenye kikonyo, si kwenye petali, moja baada ya jingine, na uzi ukijaa hufunikwa kitambaa kibichi. Magharibi mwanamke anauvaa kichwani bado hauna harufu ya kusema. Ikifika isha matumba yamefunguka kwenye nywele na nyumba nzima inajua. Alfajiri limeshageuka rangi ya chai. Hilo ndilo jina unalompa mwanao, na mimi sioni linapungukiwa nini.

Na kwa kuwa tumefika hapo: juzi nimehudhuria arusi, bibi arusi amewekewa maua ya plastiki tangu kichwani hadi kitandani. Ya plastiki! Hapa Amu, yaani Lamu, mji wa makoja na vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia. Aliyepamba alilipwa pesa nzuri, na mama mwenye asumini uani, jirani wa mlango wa pili, hakuulizwa hata tumba moja.

Yasmin limo katika Qur'ani? Mama mkwe anasema kama halimo tusilitumie. – Shela

Halimo. Fatuma halimo pia, wala Khadija, wala Aisha. Jina la mwanamke lililotajwa waziwazi mle ni moja tu, Maryam. Kwa kipimo cha mama mkwe wako mabinti wote wa Shela wangekuwa Maryamu, na mwalimu wa chuo cha Qur'ani angepata taabu sana.

Mimea yenye harufu imetajwa, ndiyo. Rehani imo katika Surat Ar-Rahman aya ya 12, na tena Al-Waqi'a aya ya 89. Waridi limo Ar-Rahman aya ya 37, lakini wanaojigamba kuwa Warda "limetoka Qur'ani" waisome aya yenyewe: pale inazungumzwa mbingu itakapopasuka ikawa nyekundu kama waridi. Ni habari ya Kiyama, si ya bustani.

Sharti ni jina lisiwe na maana mbaya. Mtume (s.a.w.) alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa herufi ya ain, yaani muasi, akamwita Jamila. Akina Asia wa kwetu msianze kuniandikia. Lenu ni la mke wa Firauni, linaandikwa vingine na halina ila.

Yasmin na Yasin ni jina moja, la kike na la kiume? – Mokowe

Hapana. Hili nimelijibu mwaka jana, na mwaka juzi.

Lipi sahihi: Yasmin, Yasmeen, Yasmine, Jasmine au Asumini? Mimi nataka Yazmyn, liwe tofauti kidogo. – Mama wa kisasa, Witu

Sahihi ni lile utakaloliandika mara moja na usiligeuze tena. Yasmin linatosha. Yasmeen ni uandishi wa watu wanaosoma *ee* kwa Kiingereza, sisi *i* yetu inajitosha. Asumini ni zuri na la nyumbani kabisa, sijui kwa nini mnalionea haya. Jasmine ni la Waingereza. Sisi Waamu tunasema *yana* na *moya*, hiyo *J* tumewaachia wenyewe tangu zamani. Yazmyn silijui, wala karani wa usajili hatalijua.

Hapo ndipo pana jambo, na naomba lisomwe hata na wasio na mimba. Nimeshika mikononi mwangu karatasi za binti mmoja: cheti cha kuzaliwa kinasema Yasmeen, cheti cha KCSE, kile cha kumaliza sekondari, Yasmin, kitambulisho Yasmine. Watu watatu kwenye karatasi, kitandani analala mmoja. Akapata nafasi ya masomo ng'ambo, akatumia miezi akiapa kwamba yeye ni yeye.

Sheria ya Kenya inataka mtoto asajiliwe ndani ya miezi 6. Ukipita hapo ni usajili wa kuchelewa, na karatasi zinaongezeka. Jina la mtoto unaweza kulibadilisha au kuliongeza ndani ya miaka 2 tangu kusajiliwa. Baada ya hapo ni habari ya wakili, hati ya kubadili jina na tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na wakili hafanyi kazi kwa thawabu. Kwa hiyo mama, kabla ya kuchukua kile cheti dirishani, soma herufi moja moja kwa kidole. Usione haya na foleni nyuma yako. Na usimtume shemeji. Shemeji huandika anavyosikia.

Mume wangu anasema Jasmine ni jina la katuni na tutachekwa. – Malindi

Mumeo ameona katuni, hajasoma hadithi. Filamu ya Disney ya Aladdin ilitoka 1992, na binti mfalme wake wakamwita Jasmine. Katika hadithi yenyewe, aliyoiingiza Mfaransa Antoine Galland kwenye tafsiri yake ya Alfu Lela mwanzoni mwa karne ya 18, binti huyo ni Badrulbuduri. Jina la ua walilichomeka watengeneza filamu, huenda kwa sababu Badrulbuduri lingewavunja ulimi.

Wala si filamu iliyolikuza. Huko Marekani Jasmine lilikuwa likipanda tangu miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 lilikaa kwenye majina 30 ya juu ya wasichana. Filamu ilikuta moto umeshawaka. Na kabla ya hayo yote, Aly Khan, mwana wa Aga Khan wa Tatu, na mkewe Rita Hayworth, yule nyota wa sinema, binti yao aliyezaliwa Desemba 1949 walimwita Yasmin. Hapakuwa na katuni.

Kama kuchekwa ndiko anakoogopa, andikeni Yasmin kwa *Y*, na televisheni mzime.

Nataka jina la ua lakini Yasmin wamejaa mtaani. Nipe mengine, pamoja na Zahra. – Faza

Zahra kwanza, maana hapa watu hukosea kila siku. Yapo mawili kwa Kiarabu. Zahra la ua ni moja. Lile la Bibi Fatuma, Az-Zahraa, ni la pili, na maana yake ni mwenye kung'ara. Kwa herufi zetu yanafanana, kwa hiyo mnaomwita mtoto Zahra kwa heshima ya Bibi Fatuma hamjamwita ua, na mnaotaka ua msijifanye mmemkusudia Bibi Fatuma. Zuhura ni nyota, msimtie humu.

Mengine: Warda ni waridi. Nasrin ni waridi la mwitu na Nargis ni nargisi, yote ya Kiajemi. Rehana ni rehani, hii hii ya kikuba. Susana lina asili ya Kiebrania na ni yungiyungi, kwa hiyo akina Susana wa Malindi nao wamo kwenye bustani bila kujua.

Lakini nililoliweka mwisho ndilo nilipendalo. Zainabu. Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu wameandika kwamba *zainab* ni mti mzuri wa kutazamwa, wenye harufu njema, na kwamba wanawake waliitwa kwa jina lake. Kila nyumba ya Faza ina Zainabu jikoni, nanyi mnatafuta jina la maua kwenye simu.

Wenye jina Yasmin huwa na tabia gani, na nyota yao inapatana na herufi ipi kwa ndoa? – Bila jina

Tabia waliyolelewa nayo. Swali la pili silijibu, na anayekutoza pesa kulijibu mwepuke.

Nimepata binti, ameitwa Yasmin. Nataka nimpandie asumini uani. Naanzaje? – Baba mpya, Mkomani

Swali la kwanza leo lililonifurahisha. Kata tawi lisilo changa sana wala kuukuu, urefu wa shubiri, ondoa majani ya chini, lipande kwenye kopo kivulini na udongo usikauke. Likishika lihamishie penye jua, kwa sababu asumini la kivulini huota majani tupu. Halitaki maji yatuame miguuni. Likimaliza kuchanua lipogoe bila huruma, maua hutoka kwenye matawi mapya.

Usilimwagilie maji ya kisima chenye chumvi. Maji matamu ya mji huu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na wanaotaka kujenga juu yake sijui wanafikiri wajukuu wao watakunywa nini. Nimesema.

Na ukinunua mche, angalia usiuziwe kinachoitwa "jasmini ya usiku". Hiyo si asumini. Ni mmea wa jamii ya tumbaku, una sumu, na mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni. Tazama majani: ya asumini hukaa mawili mawili, yakielekeana. Ya ile nyingine hupishana kwenye tawi, maua yake ni vijirija vyembamba vya rangi ya kijani hafifu, halafu huzaa vitunda vyeupe. Ukiona hivyo mwachie muuzaji.

Tulishaahidi jina Yasmin kwa bibi yake, sasa amezaliwa mwana wa kiume. – Matondoni

Mwiteni Raihan. Mtume (s.a.w.) alisema Hasan na Husein ni rehani zake mbili za duniani, kwa hiyo bibi hana la kulalamikia. Yasmin liwekeni, mtazaa tena.